Mashine Ikizima Katikati ya Mweru

Boti ambayo mashine yake imezima mbele ya Nchelenge mwezi Julai haikai Zambia kwa muda mrefu. Upepo wa kusini-mashariki, unaotawala ziwa wakati wa kiangazi, huisukuma taratibu kuelekea kaskazini-magharibi, yaani Kongo. Mpaka umepita majini, wala hakuna bango linaloonyesha ulipo. Nahodha aliyeinama tezi akihangaika na plagi anaweza kuinua kichwa baada ya saa mbili na kukuta ufuo wa Nchelenge umebaki mstari mwembamba, na ufuo ulio mbele yake una askari wa nchi nyingine. Kwa hiyo kwenye ziwa hili kazi ya kwanza si ya spana. Ni ya nanga.

Mweru ni ziwa la zaidi ya kilomita za mraba 4,500, lililolala zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari. Mto Luapula huingia kutoka kusini kupitia vinamasi vya mafunjo, Kalungwishi huingia kutoka mashariki, na maji yote hutokea kaskazini, Pweto, kwa njia ya mto Luvua unaokwenda kuungana na Lualaba. Ukubwa huo wote una kina kifupi. Upande wa kusini maji ni ya mita chache tu, na hata kaskazini kwenye kina zaidi hayakaribii kabisa yale ya Tanganyika, ambalo chini yake iko mita 1,470. Kina kifupi kina ubaya wake: upepo ukivuma, mawimbi huinuka haraka, mafupi na yenye kufuatana. Lakini kina wema wake pia. Karibu popote mashine itakapozima, nanga itagusa chini, na mtu aliyeshikwa na nanga ana muda wa kufikiri.

Vyombo vingi vinavyotoka Nchelenge na Kashikishi kwenda kisiwa cha Kilwa, Isokwe, Chiengi au ng'ambo ya Kongo vinasukumwa na mashine za petroli zinazotundikwa tezi, na nyingi zimeshapita mikononi mwa wenyewe wawili au watatu. Umri peke yake si kosa. Mashine ya zamani ya kuchanganya petroli na oili haina kompyuta. Hufunguliwa kwa spana mbili, bisibisi na subira. Magonjwa yake nayo ni machache na yanajulikana: mafuta, moto wa plagi, maji ya kupoza, au kitu kilichojiviringa kwenye rafadha. Wala si tatizo la maziwa ya Afrika peke yake. Uingereza, ambako wahudumu wa boti za uokoaji wa shirika la RNLI wamekuwa wakiokoa watu baharini tangu mwaka 1824, wito mwingi unaotoka kwenye boti za starehe hadi leo ni wa mashine iliyogoma.

Dakika tano za kwanza

Nanga ifungwe omo, kisha ishushwe polepole, isirushwe. Ikifungwa tezi, mawimbi yatapanda kupitia sehemu ya chini kabisa ya boti, hapo hapo palipo na uzito wa mashine na watu wawili walioinama juu yake. Kamba iwe ndefu: mara tano ya kina maji yakiwa shwari, mara saba upepo ukiwepo. Kwenye maji ya mita 6, hiyo ni mita 30 hadi 42. Kamba fupi huing'oa nanga kila wimbi linapopita. Asiye na nanga afunge gunia la mawe. Na kama kamba haifiki chini, ndoo iliyofungwa omo na kutupwa majini itapunguza mwendo na kuiweka boti ikitazama upepo.

Jambo la pili ni majaketi ya kuokolea maisha, yavaliwe na kila mtu, mwenye boti akiwa wa kwanza. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe, MV Templar, ilizama Ziwa Victoria upande wa Mukono, Uganda. Ilikuwa imechakaa, haikuwa na leseni, na ilibeba watu kupita uwezo wake. Zaidi ya watu 30 walikufa, na haikuwa mbali na ufuo. Jaketi lililofungiwa chini ya kiti ni sawa na jaketi lililobaki dukani: chombo kikipinduka hakuna atakayepata nafasi ya kulitafuta.

La tatu ni kukumbuka mashine ilivyokufa, kwa sababu namna ya kufa hutaja ugonjwa. Ikiwa ilikatika ghafla, bila dalili, shuku umeme. Ikiwa ilipungua nguvu, ikakohoa, ikaamka kidogo na kuzima tena, shuku mafuta. Ikiwa kulikuwa na harufu ya kuungua na sauti ilianza kuwa nzito, shuku joto. Na ikiwa mashine ilinguruma kwa nguvu huku boti imesimama, tatizo liko kwenye rafadha. Waulize abiria pia. Aliyekaa karibu na tezi mara nyingi ameona au amesikia kitu ambacho nahodha, aliyekuwa akitazama mbele, hakukiona.

Kabla ya kufungua chochote, tazama vitu viwili ambavyo vimewaaibisha mafundi wengi. Je, ile kamba nyekundu ya usalama, inayozima mashine nahodha akianguka majini, bado iko mahali pake? Na gia iko katikati? Mashine nyingi hukataa kuwaka gia ikiwa mbele au nyuma.

Mafuta: anza kwenye tangi, malizia kwenye kabureta

Kosa la kawaida ni kukimbilia kabureta. Fuata njia ya petroli tangu inakotoka. Kwanza tangi: kuna mafuta, na yale matundu ya hewa kwenye kizibo yamefunguliwa? Likifungwa tundu la hewa, mashine huvuta petroli mpaka tangi linajinyonya lenyewe. Itakwenda dakika kumi au ishirini vizuri kabisa, kisha itafifia. Fungua kizibo, ukisikia hewa ikiingia kwa mlio, umeshapata mchawi wako.

Kisha shika ile pampu ya mpira iliyo katikati ya mpira wa mafuta na uibonyeze taratibu, mshale wake ukielekea kwenye mashine. Mkono utakwambia mengi. Pampu ikijaa na kuwa ngumu, petroli inafika kwenye mashine, na tatizo liko mbele zaidi. Ikibaki laini hata baada ya kubonyezwa mara nyingi, kuna hewa inayoingia mahali fulani: mpira umepasuka kwa jua, kibano kimelegea, au kiungo cha kwenye tangi hakijakaa sawasawa. Ikibonyea na kubaki bapa, njia imeziba nyuma yake, na mara nyingi ni uchafu kwenye mdomo wa bomba lililo ndani ya tangi. Mpira uliopasuka karibu na ncha unaweza kukatwa na kuingizwa upya. Ukipasuka katikati, mpira wa ndani wa baiskeli uliofungwa kwa kukazwa utavumilia hadi ufukoni.

Maji kwenye petroli ndiyo adui mkubwa wa anayenunua mafuta kwa madumu. Dumu limelala nje usiku, limemiminwa kwa faneli yenye matone, au lilifunguliwa mvua ikinyesha. Chukua chupa nyeupe ya plastiki, chota petroli kutoka chini ya tangi, iache itulie kwa dakika tano huku umeiinua kuelekea mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini. Utaona mstari unaogawanya chupa, na chini yake tone linaloteleza kila chupa inapotikiswa. Ukiona hivyo, usijaribu tena kuwasha. Mwaga mafuta ya chujio kwenye dumu tupu, fungua skrubu ndogo iliyo chini ya bakuli la kabureta ili maji yatoke, kisha vuta petroli kutoka juu ya tangi au kwenye dumu jingine uliloliamini. Petroli chafu isimwagwe ziwani. Watu wa ufuo huu hunywa maji hayo na kula samaki wake.

Mchanganyiko nao una hesabu yake. Mashine nyingi za aina hii huhitaji sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili, yaani nusu lita ya oili kwa lita 25. Baadhi za zamani zaidi huhitaji oili nyingi kuliko hiyo, na kibandiko chake au kitabu ndicho cha kufuatwa. Anayebania oili ili apunguze gharama anaokoa kwacha chache na kuua pistoni. Anayezidisha kwa hofu huchafua plagi. Mwenye mashine ya kisasa yenye oili yake peke yake, naye asichanganye kitu.

Wakati wa kazi hii yote, hakuna sigara wala jiko la mkaa kwenye boti. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka na kukaa ngamani, chini ya mbao za sakafu, ukisubiri cheche moja.

Moto: plagi inasema

Mafuta yakiwa mazuri, fungua plagi. Vuta kofia ya waya, futa uchafu kuzunguka shimo ili usiingie ndani, kisha zungusha kwa spana ya plagi. Usiivute kwa nguvu ikiwa imekwama huku mashine ni ya moto. Subiri ipoe, kwa sababu nyuzi za shimo ni za aluminiamu na zikikatika hapo, safari imeisha.

Itazame ncha yake mahali penye mwanga. Rangi ya kahawia iliyokauka ni afya. Nyeusi na yenye mafuta ina maana oili imezidi, au choki imeachwa imevutwa. Nyeupe, yenye vidoa vya kuungua, ni dalili kwamba mashine imekuwa ikipata mafuta kidogo au joto kupita kiasi, na hiyo si plagi ya kubadilisha tu na kusahau. Iliyolowa petroli na kunuka sana inasema mashine imejaa mafuta: ifute, iache ikauke, vuta kamba mara kadhaa plagi zikiwa nje na nyaya zake zimewekwa mbali na mashimo, kisha rudisha na ujaribu bila choki huku umefungua mafuta.

Plagi mbili mpya kwenye mfuko wa plastiki ndizo kifaa cha bei ndogo kuliko vyote vinavyoweza kukurudisha nyumbani. Zikishindwa hizo, tazama nyaya: kutu kwenye viungo, waya uliosuguliwa na kifuniko, swichi ya kuzimia iliyoingia maji. Futa, kausha, funga upya. Kujaribu cheche kwa kuigusisha plagi na chuma cha mashine ni desturi ya mafundi, lakini kufanywe tu baada ya petroli iliyomwagika kukaushwa na upepo kupita, na kwa mkono uliokauka.

Ule mkojo wa mashine

Mashine hujipoza kwa maji ya ziwa. Huyavuta chini karibu na rafadha, huyazungusha mwilini na kuyatoa kwa kitundu kilicho nyuma, na nahodha mzuri hukitupia jicho kila mara. Mkondo ukipungua au ukikatika, zima mara moja. Usisubiri harufu.

Inua mguu wa mashine na uangalie matundu ya kuvutia maji. Kusini mwa Mweru, kuelekea mdomo wa Luapula, mafunjo yaliyokatika na magugu hupita yakielea, na karibu na magati mifuko ya plastiki imo kila mahali. Toa kilichonasa. Kisha chukua waya mwembamba na ukichokonoe kile kitundu cha kutolea maji, maana chembe moja tu ya mchanga inatosha kukiziba. Acha mashine ipoe nusu saa kabla ya kuwasha tena, na usiimwagie maji ya baridi juu ya chuma cha moto, kwa sababu chuma kinaweza kupasuka. Ikiwaka lakini mkondo haurudi, basi kile kipande cha mpira kinachopampu maji kimechakaa. Hakibadilishwi kwenye mawimbi. Hapo kilichobaki ni makasia au kuvutwa.

Joto lina sababu nyingine ambayo wengi hawaihesabu: mzigo. Injini hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Kwa urefu wa Mweru hiyo ni karibu sehemu ya kumi. Mashine iliyoandikwa farasi 40, yenye mzigo uliopimwa kwa farasi 40, hapa inafanya kazi ya farasi 36 tu, huku bado imebebeshwa magunia ya dagaa, abiria na madumu. Ikihangaika kuinua omo, mzigo umezidi; kukandamiza mafuta hakutasaidia.

Rafadha, nyavu na mamba

Mweru ni ziwa la wavuvi, na nyavu zake hazina taa. Rafadha ikinasa wavu, zima mashine, inua mguu, na ufanyie kazi ukiwa ndani ya boti. Usiruke majini. Ziwa lina mamba, na kando ya Luapula na vinamasi vyake kuna viboko pia. Zungusha rafadha kwa mkono kinyume na ilivyojiviringa, huku mtu mwingine akivuta wavu taratibu. Plagi ziwe zimetolewa, ili mashine isije ikaamka mkononi mwako.

Kisu kiwe cha mwisho. Wavu ni mtaji wa mtu, na mara nyingi mwenyewe yuko karibu kwenye mtumbwi wake akikutazama. Mwite, msalimie, fumueni pamoja. Ukilazimika kukata, patana naye fidia hapo hapo. Mvuvi aliyetendewa haki ndiye atakayekuvuta kesho.

Mashine ikinguruma huku boti haisogei, na hakuna wavu, huenda pini ndogo inayoshika rafadha imekatika, au mpira wa ndani ya rafadha umeachia. Pini hubadilishwa kwa koleo, ikiwa unayo nyingine. Mpira ulioachia hauna dawa majini, ila ukienda kwa mwendo wa chini kabisa mara nyingi unashika vya kutosha kukufikisha. Fahamu pia kwamba maji ya Mweru hupanda na kushuka kwa karibu mita moja na nusu kila mwaka. Huwa juu kabisa mwezi Mei na chini kabisa Januari, kwa hiyo mchanga uliopita juu yake Pasaka unaweza kukukamata Krismasi.

Kamba iliyokatika, na boti za dizeli

Kamba ya kuwashia ikikatika, fungua kifuniko cha juu na mfuniko wa kamba. Juu ya gurudumu la mashine kuna kata ndogo. Funga fundo kwenye ncha ya kamba nyingine, liingize hapo, zungusha kamba mara mbili na kuvuta. Gia iwe katikati, kwa kuwa kizuizi cha usalama hakifanyi kazi ukiwasha kwa namna hii. Nguo zilizolegea, kanga na mikono ya shati viwe mbali na gurudumu linalozunguka bila kifuniko.

Boti kubwa zenye injini ya dizeli tumboni zina ugonjwa mwingine. Dizeli ikizima, kwa kawaida ni uchafu kwenye chujio au hewa kwenye bomba. Badilisha chujio, legeza skrubu ya kutolea hewa, piga pampu ya mkono mpaka mapovu yakome na dizeli itoke safi, kisha kaza. Tazama mkanda wa pampu ya maji na vali ya kuingizia maji chini ya boti. Imewahi kutokea mara nyingi kwamba imesahauliwa imefungwa.

Saa ya kuacha spana na kuomba msaada

Jua la Mweru huzama karibu na saa 12 jioni mwaka mzima. Mwenye busara hujiwekea saa: ikifika saa 9 alasiri na mashine bado imekaa kimya, kazi ya fundi inaisha na kazi ya kutafuta msaada inaanza, wakati mchana bado unaonyesha watu mahali ulipo. Zima simu zote isipokuwa moja.

Ukipiga, taja idadi ya watu, hali yao, rangi ya boti na mahali. Ukisema tu "tuko karibu na Kilwa" umesema mambo mawili, kwa sababu Kilwa kisiwa kiko Zambia na Kilwa mji uko Kongo, na vyote viko kwenye ziwa hilo hilo. Sema kipi. Simu nyingi huonyesha nyuzi za latitudo na longitudo. Zisome polepole, namba moja moja, na umwombe anayesikiliza azirudie. Nchelenge iko karibu na nyuzi 9.35 kusini na 28.73 mashariki, kwa hiyo namba zako zitakuwa jirani na hizo. Polisi Zambia hupatikana kwa namba 999. Mwambie pia mtu wa nyumbani, maana yeye ndiye atakayekwenda gatini kupiga kelele. Kukiwa na majeruhi, hospitali ya misheni ya St Paul's iko Kashikishi, karibu na ufuo.

Bila mtandao, tumia macho ya watu. Mchana, simama ukinyoosha mikono yote miwili na kuiinua na kuishusha polepole, tena na tena. Hiyo ni ishara ya hatari inayotambuliwa duniani kote. Usiku si rahisi. Dagaa hapa huitwa chisense; wavuvi huwavuta kwa taa, na usiku usio na mwezi ziwa hujaa mianga. Taa yako ikiwaka tu itaonekana ni ya mvuvi mwenzao. Ipige na kuizima, mara tatu fupi, tatu ndefu, tatu fupi. Vivyo hivyo, usidhani mwanga wa mbele ni ufuo mpaka uone hausogei.

Mvuvi akikaribia, adabu hutangulia shida. Upande wa Nchelenge, "Mwapoleni mukwai" hufungua mlango. Upande wa Kongo Kiswahili kinatosha, na mtu mzima huitwa papa: "Jambo, papa. Mashine yetu imekufa. Utatuvuta mpaka ng'ambo?" Patana kuhusu petroli kabla kamba haijafungwa. Kamba ya kuvutia ifungwe kwenye pete ya omo iliyo imara, iwe ndefu, na mwendo uwe wa taratibu. Inua mguu wa mashine yako, watu wakae nyuma ya katikati, na asikae mtu kwenye mstari wa kamba, kwa sababu ikikatika hurudi kama mjeledi. Kisu kiwe mkononi mwa mtu mmoja, tayari kuikata.

Ukifikishwa ufuo wa Kongo, usijifiche wala usijaribu kurudi usiku. Nenda kwa maofisa, eleza mashine ilivyokufa, waonyeshe kitambulisho na karatasi za boti. Ndiyo maana vitu hivyo husafiri ndani ya plastiki iliyofungwa, kwenye jaketi la nahodha, si kwenye kiti.

Na kuna majira ya kuchukua tahadhari mara mbili. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa Zambia katika maziwa mengi, Mweru likiwemo. Ndio wakati wa mvua na dhoruba, na ndio wakati ambapo ile mitumbwi ambayo ingekuona haipo majini.

Mashine ikizama

Boti ikijaa maji na mashine ikaingia ziwani, isihesabiwe imekufa. Meli ya MV Liemba, inayojulikana vizuri Mpulungu na Kigoma, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Ziwa Tanganyika mwezi Julai 1916, ikiwa bado inaitwa Graf von Götzen. Kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini grisi nzito. Ilikuja kuinuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini.

Mashine ndogo nayo huokolewa na mafuta na haraka. Maji ya Mweru hayana chumvi, na hiyo ni nusu ya bahati. Kitakachoiharibu ni hewa, inayoanza kuleta kutu ndani ya saa chache baada ya kuitoa. Kwa hiyo toa plagi, igeuze mashimo yaangalie chini, vuta kamba polepole mpaka maji yaishe, mimina oili kidogo kwenye kila shimo, vuta tena. Safisha kabureta, weka petroli mpya, jaribu kuwasha. Kama hakuna fundi karibu, ni heri kuiacha ndani ya pipa la maji safi hadi afike kuliko kuiacha juani. Ikiwa ilikuwa inazunguka ilipozama na sasa inakwama ukiivuta kwa mkono, usiilazimishe. Chuma cha ndani kimepinda.

Sanduku la boti kuukuu

Vyote hivi vinaingia kwenye sanduku moja la plastiki lenye mfuniko unaobana:

- plagi mbili mpya na spana yake
- pini za rafadha, nati yake na koleo
- kamba ya kuwashia ya akiba
- bisibisi mbili, spana za namba 10, 12 na 14, waya mwembamba
- mita moja ya mpira wa mafuta na vibano vinne
- chujio la mafuta, faneli yenye kitambaa, chupa nyeupe ya kupimia petroli
- mpira wa ndani wa baiskeli, kisu, tochi na betri
- nusu lita ya oili ya kuchanganya

Nje ya sanduku: nanga na kamba yake, makasia mawili, pondo la kusukumia kwenye matete, ndoo ya kufulia maji, maji ya kunywa, jaketi kwa kila kichwa. Petroli igawanywe theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja isiguswe.

Baada ya matengenezo, usielekee Kilwa moja kwa moja. Zungusha boti mbele ya gati la Nchelenge kwa dakika ishirini, ukiwa na mzigo nusu, maana tundu la hewa lililofungwa na mpira unaovuja huanza kujionyesha ndani ya muda huo. Kisha legeza skrubu ya chini ya mguu wa mashine na utazame oili ya gia inayodondoka. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameshaingia. Peleka kwa fundi abadilishe sili kabla hujapakia abiria.